Las Vegas: Mji Ambamo Heshima ya Mgeni ni Hesabu

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki mgeni hulazwa kwenye kitanda kizuri kuliko kile cha mwenye nyumba. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini wahenga hao hao walijua kwamba ukarimu una mpaka wake, ndiyo maana wakaongeza: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe."

Uko mji mmoja huko Marekani ambamo methali hii ya pili imepinduliwa juu chini. Mgeni wa siku mbili huhesabiwa kuwa mtu wa kawaida tu. Yule wa siku hamsini ndiye anayepewa chumba kikubwa chenye dirisha la kutazama mji, na huruhusiwa kulala hadi alasiri siku ya kuondoka. Si kwamba wenyeji wa mji huo wamejaliwa moyo mwema kuliko watu wengine. Sababu ni kwamba kila usiku aliolala mgeni huyo umelipiwa, na kila malipo yameandikwa katika kumbukumbu isiyosahau. Mji huo ni Las Vegas.

MJI WA JANGWANI

Las Vegas umo katika jimbo la Nevada, magharibi mwa Marekani, ndani ya jangwa la Mojave. Mvua ya mwaka mzima ni milimita 100 hivi, ilhali Kampala hupata zaidi ya milimita 1,000. Joto la huko si la mchezo: tarehe 7 Julai 2024 lilifika kiasi cha nyuzi 49, rekodi ambayo haikupata kufikiwa hapo kabla. Jina la mji ni la Kihispania, na maana yake ni mabonde ya majani, kwa kuwa zamani palikuwa na chemchemi zilizowanywesha wenyeji wa asili wa kabila la Wapaiute na, baadaye, misafara iliyokuwa ikipita.

Mji wenyewe ulianza mwaka 1905, wakati viwanja vya kando ya reli vilipouzwa kwa mnada. Mwaka 1931 mambo mawili yaliubadilisha. La kwanza, serikali ya jimbo la Nevada iliihalalisha kamari. La pili, kazi ya kujenga bwawa kubwa la Hoover kwenye mto Colorado ilianza, nayo ikaleta maelfu ya wafanyakazi wenye mishahara mifukoni. Mwaka 1941 hoteli ya El Rancho Vegas ilifunguliwa kando ya barabara kuu iendayo Los Angeles, nje ya mpaka wa mji. Tarehe 26 Desemba 1946 ilifuata Flamingo, hoteli iliyohusishwa na jambazi mashuhuri Bugsy Siegel, aliyepigwa risasi na kufa miezi michache baadaye.

Barabara hiyo, iliyo maarufu kwa jina la Strip, ndiyo inayojulikana leo duniani kote. Urefu wake ni takriban kilomita 7, na jambo la kushangaza ni kwamba sehemu yake kubwa haimo katika mji wa Las Vegas, bali katika eneo jirani liitwalo Paradise. Ina hoteli ambazo kila moja ni kama kata nzima. MGM Grand, iliyofunguliwa mwaka 1993, ina vyumba vipatavyo 5,000 katika jengo lake kuu. Hoteli zote za Las Vegas na vitongoji vyake, zikijumlishwa, zina vyumba takriban 150,000. Mwaka 2024 wageni wapatao milioni 41 walifika katika mji huo.

Mtu akizitafakari tarakimu hizo ataielewa shida ya mwenye hoteli. Atawezaje kuwatambua wageni wake katika umati wa namna hiyo? Atajuaje nani wa kuheshimiwa zaidi, na nani apewe ufunguo wa chumba chochote kilichobaki?

WALIPOFUNGIWA MLANGO

Jibu la kwanza ambalo wenye hoteli wa Las Vegas walilitoa lilikuwa la aibu. Waliwapanga watu kwa rangi ya ngozi.

Katika miaka ya 1940 na 1950 wanamuziki weusi waliokuwa nyota wa Marekani waliletwa kwenye hoteli za Strip ili waimbe. Nat King Cole na Sammy Davis Jr. walizijaza kumbi kwa wazungu waliolipa fedha nyingi ili kuwasikiliza. Lakini onyesho lilipokwisha, mwimbaji mweusi hakuruhusiwa kulala katika hoteli aliyoitajirisha usiku ule. Ilimbidi aondoke, avuke reli, aende mtaa wa Westside, ambako weusi walikodisha vyumba katika nyumba za watu. Kwa mgeni wa namna hiyo halikuwapo suala la chumba kikubwa au kidogo. Hakuwa na chumba.

Mwezi Mei 1955 hoteli ya Moulin Rouge ilifunguliwa karibu na mtaa huo wa Westside. Ilikuwa hoteli ya kwanza yenye kasino mjini humo kuwapokea watu wa rangi zote pamoja, na bingwa wa zamani wa ndondi, Joe Louis, alikuwa miongoni mwa waliowakaribisha wageni mlangoni. Hoteli hiyo haikudumu. Kabla mwaka haujamalizika ilikuwa imefungwa. Hata hivyo jina lake halikufutika. Mwezi Machi 1960 viongozi wa chama cha kutetea haki za weusi, NAACP, wakiongozwa na daktari wa meno James McMillan, walitangaza kwamba wataandamana kwenye barabara ya Strip. Wenye hoteli waliogopa hasara. Mkutano ulifanyika katika jengo lile lile la Moulin Rouge, na makubaliano yakafikiwa ya kuwafungulia weusi milango. Mwaka 1964 sheria ya haki za raia ilikataza ubaguzi wa namna hiyo katika hoteli za Marekani nzima.

Habari hii inafaa kukumbukwa na kila anayesoma kuhusu vyeo vya wageni wa hoteli. Heshima ya hoteli ni kitu kinachogawiwa na watu, kwa kipimo walichokichagua wao wenyewe. Kipimo cha jana kilikuwa rangi. Cha leo ni tofauti kabisa, lakini nacho ni kipimo, na yafaa kukichunguza.

ASILI YA VYEO

Kipimo cha leo kilianzia angani. Mwaka 1978 serikali ya Marekani iliyaachia mashirika ya ndege yajipangie nauli na njia zao. Ushindani ukawa mkali. Tarehe 1 Mei 1981 shirika la American Airlines lilianzisha mpango wa kuandika maili za kila msafiri aliyejiunga, na kumlipa safari ya bure zikifika kiasi fulani. Wenye hoteli hawakukawia kuiga. Holiday Inn na Marriott walianzisha mipango yao mwaka 1983. Hyatt na Hilton wakafuata mwaka 1987.

Utaratibu ni rahisi kuueleza. Msafiri hujiandikisha bila malipo na kupewa namba ya uanachama. Kila alalapo katika hoteli ya kampuni hiyo, fedha anazolipa huzaa alama, ambazo baadaye anaweza kuzitumia badala ya fedha. Pamoja na alama huhesabiwa idadi ya usiku aliolala, na idadi hiyo ndiyo inayompa cheo.

Askari yeyote ataufahamu mpangilio huu mara moja, kwa sababu umejengwa kama ngazi za jeshi. Katika mpango wa Marriott, unaoitwa Bonvoy tangu mwaka 2019, kanuni za mwaka 2024 zilikuwa hivi: usiku 10 kwa mwaka humpa mgeni cheo cha Fedha, usiku 25, cha Dhahabu, usiku 50, cha Platinamu, usiku 75, cha Titani. Juu kabisa yupo Balozi, ambaye hulala usiku 100 na kutumia si chini ya dola 23,000 katika mwaka mmoja. Mwenye Dhahabu huweza kupewa chumba bora kidogo kikiwapo na kuondoka saa nane mchana. Mwenye Platinamu huweza kupewa hata chumba chenye sebule, na katika hoteli nyingi huruhusiwa kukaa hadi saa kumi alasiri.

Tofauti na jeshi ni moja, nayo ni kubwa. Sajini akienda likizo hurudi akiwa sajini. Mgeni wa hoteli asipolala tena idadi ile ile ya usiku, cheo chake hufutwa muda wake ukiisha. Hakuna pensheni ya Platinamu kwa mtu wa miaka miwili mitatu.

Yafaa pia kukumbuka usiku 50 ni nini hasa. Ni karibu usiku mmoja katika kila juma la mwaka. Ni usiku 50 ambao watoto walilala bila baba au mama nyumbani. Kabla ya kumwonea mtu wijivu kwa kadi yake inayong'aa, ni haki kukumbuka kwamba sehemu ya bei ililipwa na watu waliobaki nyumbani.

MBELE YA MEZA YA MAPOKEZI

Sasa msomaji na amfuate mgeni hadi kwenye meza ya mapokezi ya hoteli ya Las Vegas, alasiri, mistari ikiwa mirefu na kelele za mashine za kamari zikisikika nyuma yake. Mgeni mmoja anapewa chumba cha bei aliyolipa. Wa pili, aliyelipa bei ile ile, anapandishwa na kupewa chumba cha bei ya juu bila kuongeza hata senti. Kumetokea nini?

Mengi yalikwisha kuamuliwa kabla wageni hao hawajafika. Mapema siku ile, wafanyakazi huipitia orodha ya wanaotarajiwa kuwasili na kuilinganisha na vyumba vitakavyokuwa wazi. Hoteli nyingi hupokea maombi mengi kuliko vyumba ilivyonavyo, kwa sababu zinajua kwamba wapo watakaoghairi. Aghalabu vyumba vya bei ya chini ndivyo vinavyojazwa kupita kiasi, huku vya juu vikiwa na nafasi. Hapo hoteli haina budi kuwapandisha baadhi ya wageni, na orodha ya vyeo ndiyo inayosema nani aanze. Chumba kilicholala kitupu leo hakiuziki kesho, kama samaki aliyekosa barafu. Kumpa mgeni wa kudumu chumba hicho humgharimu mwenye hoteli kidogo sana, na humfunga mgeni huyo kwa mwaka mwingine.

Basi ahadi ya cheo ina neno dogo ambalo wengi hulisahau: kikiwapo. Mwenye Platinamu akifika mwezi Januari, wakati wa maonyesho makubwa ya vyombo vya umeme yanayovuta watu zaidi ya 100,000, huenda asipate lolote. Mgeni asiye na cheo akifika Jumanne tulivu huenda akapewa chumba kizuri. Las Vegas hujaa Ijumaa na Jumamosi. Katikati ya juma nafasi huwa nyingi na bei hushuka.

Yapo mambo mengine yasiyohitaji cheo. Aliyeandikisha chumba kwa hoteli yenyewe huwa katika hali bora kuliko aliyepitia kwa wakala wa bei nafuu, kwa kuwa kampuni nyingi hazitoi alama wala heshima za cheo kwa chumba kilichonunuliwa kwa wakala. Mgeni wa usiku mmoja ni rahisi kumpandisha kuliko wa usiku saba, kwa sababu chumba kikubwa kinaweza kuwa kimeahidiwa mtu wa kesho. Anayesherehekea ndoa au siku ya kuzaliwa hapotezi kitu akisema. Na karani aliyesimama kwa saa nyingi akisikiliza malalamiko humkumbuka yule aliyemwamkia kwa adabu.

Las Vegas ina desturi yake nyingine, inayojulikana na wasafiri wengi wa Marekani. Mgeni hukunja noti ya dola 20, huiweka kati ya kitambulisho chake na kadi yake ya benki, kisha humkabidhi karani vyote pamoja, akiuliza kwa sauti ya upole kama kuna uwezekano wa kupandishwa chumba. Desturi ni kwamba karani akiweza humsaidia, na asipoweza huirudisha noti. Wengine hutoka wakitabasamu kwa dirisha linalotazama chemchemi za hoteli ya Bellagio. Wengine hupewa chumba cha kawaida kilicho ghorofa moja tu juu ya kile walichokuwa wapewe.

Je, hiyo ni bakshishi au ni rushwa? Askari polisi wa nchi yoyote atakuwa na jawabu lake. Watetezi wa desturi hiyo husema kwamba hoteli ni mali ya mtu binafsi, na kwamba karani ana ruhusa ya kugawa vyumba vilivyobaki. Wapinzani wake husema kwamba bakshishi ya kweli hutolewa baada ya huduma, kama shukrani, na si kabla yake, kama ufunguo. Jambo moja halina mjadala: tendo lile lile likifanywa kwenye ofisi ya umma, mbele ya mtumishi anayelipwa na wananchi, jina lake ni moja tu. Isitoshe, desturi yenyewe inapungua nguvu, kwa kuwa hoteli nyingi sasa zina mashine za kujiandikisha na ufunguo hupokelewa kwa simu. Mashine haina mfuko wa kutilia noti.

BEI YA CHEO

Katika Las Vegas zipo ngazi za namna mbili. Ya kwanza ni ile ya usiku, iliyokwisha elezwa. Ya pili ni ya kasino, nayo huhesabu fedha zinazochezwa.

Zamani meneja wa kasino aliwajua wachezaji wakubwa kwa uso, akawapa chumba na chakula bure. Kampuni ya Harrah's ilibadili mambo mwaka 1997 kwa kuanzisha kadi moja iliyotumika katika kasino zake zote. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ilimleta Gary Loveman, mwalimu wa chuo kikuu cha Harvard, aliyeigeuza kadi hiyo kuwa chombo cha kupima thamani ya kila mchezaji, hata yule mdogo. Mchezaji huchomeka kadi katika mashine, na kila mzunguko huandikwa. Kampuni hiyo baadaye ilichukua jina la Caesars.

Tuseme mtu anataka cheo cha Almasi katika mpango wa Caesars. Kwa kanuni za mwaka 2024 alihitaji alama za cheo 15,000 katika mwaka, na mashine za kawaida zilitoa alama moja kwa kila dola 5 zilizochezwa. Bila nyongeza za hapa na pale, hizo ni dola 75,000 zilizopita mashinenI humo. Mashine haizili zote. Nyingine hurudi kwa mchezaji na kuchezwa tena. Lakini kama mashine inabakiza dola 8 katika kila 100, mtu huyo ameacha dola 6,000. Kwa fedha hizo angeweza kulipia chumba kizuri kwa usiku mwingi, tena bila cheo chochote, na akarudi nyumbani na chenji.

Hata kwenye ngazi ya usiku watu huteleza. Inapofika Desemba, na mtu amebakiwa na usiku mitatu ili ahifadhi Platinamu yake, wapo wanaokodi chumba cha bei ndogo karibu na nyumbani kwao, wakachukua ufunguo, wakarudi kulala katika vitanda vyao. Kitanda cha hoteli hubaki kimetandikwa. Hapo cheo kilichobuniwa ili kumhudumia msafiri kimemgeuza msafiri kuwa mtumishi wake.

Vilevile, neno "bure" lina mkia mrefu mjini humo. Hoteli nyingi za Strip hutoza kila usiku ada ya lazima ya huduma, iwe mgeni amezitumia au hakuzitumia, na katika hoteli kubwa ada hiyo pamoja na kodi imepita dola 50. Kodi ya chumba ni takriban asilimia 13. Hoteli huzuia pia kiasi fulani katika kadi ya benki kama dhamana. Malalamiko yalikuwa mengi hata serikali kuu ya Marekani ikatoa kanuni, iliyoanza kutumika tarehe 12 Mei 2025, inayozilazimisha hoteli kutangaza bei kamili tangu mwanzo. Ada haikukatazwa, kilichokatazwa ni kuificha.

ANAYETANDIKA KITANDA

Mgeni aliyepandishwa chumba huona sebule, bafu la marumaru na dirisha pana. Mwanamke anayeingia asubuhi na kigari cha mashuka huona kazi iliyoongezeka. Chumba chenye sebule kina sakafu ndefu zaidi, vioo vingi zaidi na pengine mabafu mawili.

Wafanyakazi wa Las Vegas wamejifunza kujitetea. Chama chao cha Culinary, tawi namba 226, kilianzishwa mwaka 1935 na kina wanachama wapatao 60,000, wakiwamo wahamiaji wengi kutoka nchi mbalimbali. Mgomo wa hoteli ya Frontier ulianza Septemba 1991 ukaisha Januari 1998, baada ya miaka sita na zaidi, na inaelezwa kwa fahari kwamba katika wafanyakazi wapatao 550 hakuna hata mmoja aliyerudi kazini kabla ya ushindi. Mwezi Novemba 2023, mgomo mkubwa ulipokuwa umekaribia, kampuni za MGM, Caesars na Wynn zilikubali mikataba mipya. Miongoni mwa yaliyomo ni nyongeza ya mishahara, kupunguzwa kwa mzigo wa kazi wa wasafishaji wa vyumba, na vyumba kusafishwa kila siku, ili kazi isirundikane siku ya mgeni kuondoka.

Hivyo wasafiri wenye busara huacha bakshishi ya msafishaji chumbani kila asubuhi, dola chache, wala hawangoji siku ya mwisho, kwa sababu zamu hubadilika. Msafishaji hana orodha ya vyeo. Huwahudumia wenye Titani na wasio na kitu kwa mashuka yale yale.

ALAMA ZA SAFARI YA KAZI NI ZA NANI?

Swali hili linawahusu hasa watumishi wa umma. Ofisa aliyepelekwa na serikali kwenye mafunzo au mkutano hulala hotelini kwa fedha za wananchi. Alama zinazozaliwa na fedha hizo ni mali ya nani?

Kwa muda mrefu jibu la serikali kuu ya Marekani lilikuwa kwamba ni mali ya serikali. Mwezi Desemba 2001 sheria ilibadilishwa, na watumishi wa serikali kuu pamoja na wanajeshi wakaruhusiwa kubaki na alama walizozipata safarini kikazi. Ruhusa hiyo haikumpa mtumishi haki ya kuchagua hoteli ya gharama ya juu ili kujiongezea alama. Nchi nyingine, na hata ofisi mbalimbali katika nchi moja, zina taratibu zao, na mtumishi mwaminifu huuliza kabla ya kusafiri.

Jambo hili si la Marekani peke yake. Ngazi zile zile za Las Vegas zimefika hadi milangoni mwa Afrika Mashariki. Hoteli ya Sheraton ya Kampala, iliyozaliwa katika miaka ya 1960 kwa jina la Apolo, sasa imo katika mpango wa Bonvoy, kwa kuwa Marriott ilinunua kampuni iliyomiliki jina la Sheraton mwaka 2016. Tangu mwaka 2024 hoteli nyingi za MGM zilizopo Las Vegas zimeingizwa pia katika mpango huo. Kwa hiyo usiku uliolalwa juu ya kilima cha Nakasero huandikwa katika kumbukumbu moja na usiku uliolalwa jangwani Nevada.

Familia inayojiandaa kwa safari, iwe ya Las Vegas au ya mji wa karibu, haihitaji kuogopa ngazi hizi wala kuziabudu. Kujiandikisha ni bure, basi na ijiandikishe kabla ya kulipa chumba, kwani usiku uliopita bila namba ya uanachama mara nyingi haukumbukwi. Na iulize bei kamili, pamoja na ada na kodi, kabla ya kukubali. Inapofika mapokezi, mwenye kuzungumza na aombe kwa adabu na wazi, mara moja tu. Akiambiwa hakuna, ashukuru na achukue ufunguo. Chumba kilicholipiwa kwa bei inayofaa mfuko, chenye shuka safi na maji ya moto, kinatosha kwa usingizi wa watoto. Kisha, kabla taa haijazimwa, isisahauliwe noti ndogo ya msafishaji atakayeingia asubuhi.